Likizo ya mjini bila gari ukiwa na mtoto mdogo: namna ya kuipanga hatua kwa hatua

Katika mji wenye treni, tramu na mabasi yanayoeleweka, gari la kukodi humchosha mzazi kuliko linavyomsaidia. Linahitaji maegesho, linakwama kwenye foleni, na muda wote huo mtoto amefungwa mkanda nyuma akitazama mgongo wa kiti cha mbele. Mtoto huyohuyo akipanda tramu anakaa dirishani, anauliza maswali, anapewa maji na kufutwa pua bila mtu kutafuta pa kusimama.

Lakini safari hii inahitaji kupangwa, na kupangwa kutokea chini. Ramani na orodha ya vivutio vije baadaye. Anza na miguu ya mtoto na saa yake ya kulala, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vitakavyoamua mtafika wapi na mtarudi mkiwa na hali gani. Hatua zifuatazo zinamfaa anayesafiri na mtoto wa kati ya mwaka mmoja na sita.

1. Chagua mji unaopitika

Jiulize swali moja kwanza: mtu anayesukuma kigari cha mtoto anaweza kuzunguka mji huu bila kukibeba ngazini? Miji maarufu inatofautiana sana kwa hili. Huko Washington, Marekani, kila kituo cha Metro, yaani treni za mjini ambazo nyingi hupita chini ya ardhi, kina lifti. Singapore na Copenhagen ni hivyo hivyo. Metro ya Paris ilianza mwaka 1900, na vituo vyake vingi vya zamani ni ngazi juu ya ngazi. Laini ya 14, iliyofunguliwa mwaka 1998, ndiyo yenye lifti katika vituo vyake vyote. London na New York pia zina vituo vingi ambavyo huwezi kufika jukwaani bila kupanda au kushuka ngazi.

Usiifute Paris kwenye orodha kwa sababu hiyo. Elewa tu mapema kwamba huko utategemea basi zaidi. Basi la mjini lenye sakafu ya chini linaingilika kwa urahisi, na mtoto anauona mji badala ya kuta za handaki. Kwa mtoto wa miaka mitatu, basi la juu ya ardhi karibu kila mara ni bora kuliko treni ya chini, hata kama linachukua dakika kumi zaidi.

Jihadhari pia na miji inayoonekana kama imeumbwa kwa ajili ya familia isiyo na gari. Venice ya kale haina barabara za magari kabisa, na mzazi anaweza kudhani ameshafika peponi. Ina madaraja zaidi ya 400, na mengi ni ya ngazi. Mtoto wa kubebwa mgongoni atafurahi, kigari kitakutesa. Lisbon inapendeza, lakini ni vilima na mawe ya kutandazwa. Kwa upande mwingine kuna miji midogo ambayo watu wachache huifikiria. Pontevedra, Hispania, ilianza kuondoa magari katikati ya mji mwaka 1999, na leo mtoto anaweza kutangulia hatua kumi mbele bila moyo wako kuruka. Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, una kitovu kisichopitiwa na magari, na vigari vidogo vya umeme hubeba watu humo bila malipo.

Kama hii ni safari yenu ya kwanza ya aina hii, nashauri mji wa ukubwa wa kati. Jiji kubwa lina mengi ya kuona, lakini nusu ya siku inaweza kuishia njiani.

Kabla ya kuamua, tafuta ramani rasmi ya usafiri ya mji huo, kisha tafuta ile inayoonyesha vituo visivyo na ngazi. London, kwa mfano, inatoa ramani ya namna hiyo. Kwenye Google Maps, unapotafuta njia ya usafiri wa umma, unaweza kuchagua njia zinazomfaa mtu wa kiti cha magurudumu. Panapopita kiti cha magurudumu, kigari cha mtoto kitapita.

2. Tafuta malazi kabla ya kitu kingine chochote

Ningeambiwa nitumie bidii yangu yote kwenye hatua moja tu, ningechagua hii. Malazi mazuri yakiwa mbali na kituo yanaharibu likizo nzima, na chumba cha kawaida kilicho mahali sahihi kinaiokoa. Mtatoka na kurudi mara mbili kwa siku, pengine mara tatu. Kila mita ya njia hiyo mtaipita mkiwa na mtoto aliyechoka.

Fungua ramani, weka alama kwenye nyumba au hoteli unayoifikiria, kisha tafuta vitu vitatu: kituo cha treni, tramu au basi, bustani yenye bembea, na duka la vyakula. Vyote viwe umbali wa dakika tano hadi saba za mtu mzima. Dakika za ramani ni za mtu mzima anayetembea takriban kilomita tano kwa saa. Mtoto wa miaka mitatu husimama kumtazama njiwa, huokota jiwe, hurudi nyuma kukanyaga tena mfuniko wa chuma alioupita. Zidisha dakika za ramani mara mbili, na jioni mara tatu. Ndiyo maana "dakika 15 tu kutoka kituoni" ni mbali.

Bustani hiyo usiichukulie kama nyongeza. Ndiyo itakayokuokoa saa moja asubuhi, mtoto ameamka na mji bado umefungwa, na ndiyo itakayokuokoa saa kumi jioni wakati hakuna mwenye nguvu ya kwenda popote.

Kisha mwandikie mwenye nyumba au hoteli uulize mambo mahususi. Kutoka mtaani hadi mlango wa chumba kuna ngazi ngapi? Lifti ipo, na kigari kinaingia bila kukunjwa? Nyumba nyingi za zamani zina lifti ya watu wawili waliosimama wima, na nyingine lifti huanzia juu ya ngazi sita au saba. Kitanda cha mtoto kipo, na kitatosha chumbani mlango ukiwa unafunguka? Chini ya dirisha kuna nini: baa, makutano ya tramu, au ua? Mashine ya kufulia ipo? Swali la mwisho linaonekana dogo, lakini likijibiwa ndiyo, begi la mtoto linapungua karibu nusu.

Picha za mtaani za kwenye ramani nazo zina kazi. Tembea kwa macho kutoka kituoni hadi mlangoni. Angalia upana wa njia ya waenda kwa miguu, taa za kuvukia barabara, na kama kuna mwinuko.

Ukipata chaguo mbili zinazolingana, chukua ile iliyo kwenye laini inayokwenda uwanja wa ndege au stesheni kuu moja kwa moja. Kila kubadilisha treni ukiwa na mtoto na mizigo ni kazi ya dakika kumi na tano na jasho, hata kama ramani imeandika tatu.

3. Pangia saa ya kufika

Lengo ni kufika malazini mchana au alasiri mapema, nje ya saa za msongamano. Miji mingi hujaa kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na tena kati ya saa kumi na saa moja jioni. Tokyo asubuhi watu husimama wamebanana, na hapo si mahali pa mtoto wa kimo cha magoti. Tiketi ya bei nafuu inayokufikisha saa nne usiku huwa ghali ukihesabu siku ya kesho yake, ambayo itapotea kwa usingizi na vilio.

Angalia pia umbali kutoka uwanja wa ndege. Geneva na Zürich treni hufika katikati ya mji kwa muda usiozidi robo saa, na Copenhagen metro huchukua karibu robo saa. Kwingine ni saa nzima na mabadiliko mawili.

Hifadhi njia ya kwanza kwenye simu kama picha: jina la kituo, laini, upande wa treni, njia ya kutokea, na mtaa. Usitegemee intaneti dakika ile ya kutoka uwanja wa ndege.

Kama mnaenda kwa treni ya masafa marefu, uliza kama kuna behewa la familia. Uswisi, baadhi ya treni za ghorofa zina behewa ambalo juu yake kuna sehemu ya watoto kuchezea, yenye hata kiteleza. Finland nayo ina treni zenye sehemu kama hiyo. Weka nafasi ya viti karibu na hapo mapema.

4. Elewa nauli kabla ya kununua kadi

Kila mji una kigezo chake cha nani ni mtoto, na tofauti ni kubwa. London, mtoto wa chini ya miaka 11 husafiri bure kwenye treni za chini ya ardhi na mabasi akiwa na mtu mzima. Berlin na Vienna, bure ni chini ya miaka 6. Paris ni chini ya miaka 4. Copenhagen, mtu mzima mmoja anaweza kwenda na watoto wawili wa chini ya miaka 12. Tokyo, abiria anayelipa huchukua hadi watoto wawili ambao hawajafikisha miaka 6. New York hawaulizi umri bali urefu: hadi watoto watatu wenye kimo kisichozidi inchi 44, yaani kama sentimita 112, huingia na mtu mzima mmoja. Singapore nako hupima kimo, chini ya mita 0.9. Na Luxembourg, tangu mwaka 2020, usafiri wa umma nchi nzima ni bure kwa kila mtu, isipokuwa daraja la kwanza la treni.

Thibitisha kwenye tovuti rasmi ya usafiri wa mji kabla ya kusafiri, kwa sababu kanuni hubadilika. Kisha fanya hesabu ya kadi za watalii kwa kichwa baridi. Kadi inayofungua makumbusho mengi imetengenezwa kwa mtu anayeingia matatu au manne kwa siku. Nyinyi mtaingia moja. Mara nyingi tiketi ya siku au ya wiki ya usafiri peke yake inawatosha, na uhuru wa kupanda vituo viwili tu bila kufikiria nauli una thamani kubwa mtoto anapogoma kutembea.

5. Kigari, mbeleko na begi

Chukua kigari chepesi kinachokunjika kwa mkono mmoja, hata kama mtoto ana miaka minne na nyumbani ameshakiacha. Mjini mtatembea mara kadhaa ya kawaida yake. Kifanyie mtihani: simama, mtoto kwenye mkono wa kushoto, kikunje kwa mkono wa kulia. Kama huwezi sebuleni, hutaweza mlangoni mwa basi huku watu wakisubiri nyuma yako. Katika baadhi ya mabasi dereva atakutaka ukikunje. London, nafasi ya kigari ndiyo pia ya kiti cha magurudumu, na mwenye kiti cha magurudumu hupewa kwanza.

Mbeleko au kibebeo beba pia, kwa ajili ya vituo vyenye ngazi na saa za msongamano. Wawili hawa husaidiana: kigari kwa umbali, mbeleko kwa vikwazo.

Mtoto naye asigeuzwe mzigo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka mitano unashauri wasifungwe sehemu moja, iwe kwenye kigari au mgongoni, kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Kwa hiyo kila saa moja tafuta mahali pa kumshusha akimbie: uwanja, ngazi pana za jengo, ukingo wa chemchemi.

Mizigo ihesabu kwa mikono. Mkono mmoja wa mtu mzima ni wa mtoto daima, na mkono huo haubebi kitu kingine. Ukiwa peke yako, hiyo ina maana begi moja la mgongoni na kigari, basi. Begi la mchana liwe na maji, vitafunwa ambavyo havipondeki wala kuyeyuka, nepi mbili zaidi ya unavyodhani, nguo kamili ya kubadili ndani ya mfuko unaofungika, na kitu kimoja kidogo cha kuchezea ambacho mtoto hajawahi kukiona. Hicho kitoe siku ya tabu, usikitoe mapema.

6. Panga siku, si wiki

Jambo moja kubwa asubuhi, mapumziko mchana, jambo dogo jioni. Hiyo ndiyo ratiba, na ukijaribu kuongeza la pili kubwa, kwa kawaida yote mawili yanaharibika.

Asubuhi toka mara tu msongamano ukishapita, mkaingie mahali mlango unapofunguliwa. Chagua mahali palipo karibu kabisa na kituo. Copenhagen, bustani ya burudani ya Tivoli, iliyofunguliwa mwaka 1843, iko ng'ambo tu ya barabara kutoka stesheni kuu. Berlin, bustani ya wanyama iko jirani na kituo kinachobeba jina lake. London kuna njia ya chini kwa chini inayotoka kituo cha South Kensington kuelekea makumbusho ya historia ya asili na ya sayansi, kwa hiyo hata mvua haiwapati sana. Mtoto atachoka baada ya saa moja na nusu hivi. Ondokeni akiwa bado anafurahi, hata kama hamjaona nusu ya vilivyopo. Mnara na makumbusho vitakuwepo kesho. Moyo wa mtoto ukishagoma siku imekwisha.

Mchana rudini mkalale. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, ukijumlisha usingizi wa mchana. Wengine hulala vizuri kwenye kigari. Kama wako ni hao, tumia saa hiyo kutembea ukingo wa mto au mitaa tulivu, na wewe ndipo uone unachotaka. Kama halali ila kitandani, ndipo utakapobariki uamuzi wa kukaa karibu na kituo.

Jioni, usafiri wenyewe uwe matembezi. Hapa ndipo familia isiyo na gari inapata kitu ambacho wengine wanakikosa. Metro ya Copenhagen, iliyoanza 2002, haina dereva. Mtoto anaweza kukaa mbele kabisa, uso karibu na kioo, akaona reli zikimjia na taa za handaki zikipita pande zote mbili. Treni nyepesi za DLR za London na metro ya Dubai nazo zinamruhusu mtoto kuona mbele hivyo. Hamburg, kivuko cha laini ya 62 kinapita bandarini katikati ya meli kubwa na kinapandwa kwa tiketi ileile ya kawaida ya mji. Tramu ya mwisho hadi mwisho, kukaa tu na kutazama, inaweza kuwa ndiyo kumbukumbu itakayobaki. Epuka tu saa za msongamano, maana viti vya mbele hugombewa na watoto wa kila umri, wazee wakiwemo.

7. Kanuni za kituoni

Zungumzeni kabla ya kufika, kwa maneno machache yasiyobadilika. "Mkono kwenye jukwaa." "Mgongo ukutani treni ikija." Rudia kila safari, kwa sauti ileile ya utulivu.

Mkiwa watu wazima wawili, mmoja aingie kwanza, mtoto katikati, mwingine nyuma. Ukiwa peke yako, ingieni pamoja mkono kwa mkono, na kama kengele ya milango imeshaanza, acheni treni hiyo iende. Kubalianeni watu wazima nini kitafanyika milango ikiwatenganisha: aliyebaki jukwaani habanduki alipo, aliye ndani ya treni anashuka kituo kinachofuata na kurudi. Mtoto akitenganishwa na watu wazima wote, mtafute mfanyakazi au bonyeza kitufe cha msaada papo hapo; wao wanaweza kuwasiliana na dereva na kituo kinachofuata haraka kuliko wewe kukimbilia treni inayofuata.

Andika namba yako ya simu, ikiwa na msimbo wa nchi, kwenye bangili ya karatasi au juu ya ngozi ya mkono kwa kalamu isiyofutika upesi. Kila asubuhi mpige mtoto picha akiwa amevaa nguo za siku hiyo.

Kigari kisipande ngazi za umeme mtoto akiwa ndani. Tafuta lifti, hata kama iko mwisho wa jukwaa. Mtoto anayepanda kwa miguu asimame katikati ya kidato, mbali na kuta za pembeni, na ajiandae kuinua mguu kabla ya kufika juu. Viatu laini vya mpira vichunge zaidi, kwa sababu ndivyo vinavyonaswa kwa urahisi.

8. Jizoezeni, halafu wekeni akiba

Wiki moja au mbili kabla, fanyeni siku moja ya majaribio mnapoishi: begi lilelile, kigari kilekile, basi au treni, kwenda na kurudi. Utaona kinachokosekana na kisichohitajika.

Akiba yenyewe ni fupi. Kila siku iwe na sehemu moja ya ndani kwa ajili ya mvua, karibu na malazi: maktaba ya umma yenye kona ya watoto, bwawa la kuogelea, makumbusho madogo. Weka fedha za teksi za safari mbili au tatu na uzitumie bila kujilaumu. Safari bila gari si kiapo. Ila soma mapema sheria ya nchi kuhusu viti vya watoto ndani ya teksi, kwani hutofautiana, na uliza kama kampuni ya huko inaweza kuleta gari lenye kiti. Jua pia duka la dawa lililo karibu na hospitali yenye huduma ya watoto, na kwa laini gani mtafika.

9. Siku ya kuondoka

Malazi mengi hutaka mtoke kabla ya mchana, na ndege au treni ni jioni. Uliza mapema kama mizigo inaweza kubaki mapokezi. Kama haiwezekani, stesheni kubwa nyingi zina makabati ya kukodi, lakini makubwa huwahi kujaa, hivyo fikeni asubuhi. Siku hiyo usipange kitu chochote kipya. Rudini kwenye bustani ileile ya bembea mliyoizoea, mtoto achoke vizuri, kisha mwelekee stesheni mkiwa na nusu saa zaidi ya mnayohitaji. Kama kadi zenu za usafiri zina amana au salio linalorudishwa, dirisha la kurudishia mara nyingi liko stesheni kuu au uwanja wa ndege. Tafuta liko upande gani kabla ya kupita ukaguzi.